Wiki Nne Bila Mihogo Mtoni

Kosa lilikuwa langu. Naliandika mwanzoni ili mtu asihangaike kulitafuta kwa mwingine.

Emérence aliniomba jambo moja: nimpeleke upande wa juu wa kiwanda cha mawese, mahali ambapo mto Bekoli haujaguswa na mtu. Nikampeleka. Tulishika njia ya kulia, ile inayozunguka, tukatokea mtoni mita kama mia mbili chini ya pale mama za kijiji cha Kilomita Kumi na Nane wanapoloweka mihogo. Sikumwambia kwamba tumepazunguka. Sikuona kama ni habari. Mwanamume aliyelelewa hapiti pale mama wanapoloweka, kwa kuwa ndipo pia wanapooga. Njia ikikaribia anakohoa, anakata kona. Kona hiyo nimeikata maisha yangu yote, tangu Kindu hadi Ubundu hadi Banalia, na miguu yangu haingoji tena kuambiwa. Nikamwambia: hapa, docteur, hapana mtu. Na kweli hapakuwa na mtu.

Docteur hakuwa bado. Alibakiza mwaka mmoja chuoni, katika masomo yake ya mito, lakini watu wa njia ya Ubundu walishamwita hivyo na yeye alichoka kukataa. Alitoka Butembo. Wajomba zake wana maduka ya jumla karibu na soko kuu la Kisangani, na hakuna hata mmoja aliyeelewa kwa nini binti yao anatembea na wavu na ndoo. Siku moja kwenye mtumbwi wa kuvukia Lubunga, ng'ambo ya mji, mama mmoja mwuza samaki alichungulia ndani ya ndoo yake, akasema kwa sauti ya kutosha watu wote: "Bandugu yako banauzisha saruji na mabati. Weye unauzisha wadudu?" Emérence akamjibu kwamba wadudu hawadaiwi taxe ya soko. Mtumbwi mzima ulicheka, na tangu siku hiyo mama yule alimwachia nafasi ya kukaa.

Mimi nilikuwa mbeba vitu wake na mpiga mateke wake. Nieleze hilo. Wengi wakisikia mtu anapima afya ya mto wanafikiri chupa na mashine. Mashine alikuwa nayo, ndogo, ya kupima hewa iliyomo ndani ya maji, lakini hakuiamini peke yake. Alisema mashine inajua mto ulivyo dakika hii tu, ila mdudu anayeishi chini ya jiwe anajua mto ulivyokuwa mwezi mzima, maana alikuwepo. Donc, basi, kazi inakuwa hivi: unaingia majini hadi magoti, mwenzako anashika wavu chini yako, wewe unapiga mateke sakafu ya mto dakika tatu, mawe yanageuka, vilivyojificha vinasukumwa na maji hadi wavuni. Kisha vinamwagwa kwenye beseni jeupe, na mnahesabu ni aina gani zipo. Kila aina ina alama. Wale wenye mikia mitatu, na wale wanaojijengea nyumba ya punje za mchanga, hawavumilii uchafu, hivyo wana alama kubwa, tisa au kumi. Minyoo myekundu inaishi hata ndani ya choo, ina moja. Unatafuta wastani. Mto mzima unapata sita na zaidi. Ukishuka chini ya nne, mto unaumwa.

Nimefanya kazi nyingi. Nimesukuma mbao Ubundu, nimefunga breki za treni, nimechimba mchanga wa dhahabu. Hii ndiyo ya kwanza iliyonifanya niangalie nilipokanyaga.

Sasa kiwanda. Kilomita moja chini ya mahali pa mihogo kuna kiwanda cha mawese, na maji ya kuchemshia chikichi yanatoka humo kwa mfereji, meusi, ya moto, yananuka kama kitu kilichooza ndani ya mafuta. Mkoa uliunda kamati iangalie kama kiwanda kiruhusiwe kuongeza pipa la pili la kuchemshia. Kamati ikamwomba Emérence aandike ripoti. Akapima chini ya kiwanda, akapata tatu na nukta moja. Akapima juu, pale nilipomwambia hapana mtu, akapata tatu na nukta tisa. Alikunja uso, akarudia mara mbili, ikatoka vilevile. Akaandika alichokiona, akatia jina lake, akapeleka.

Kwenye mkutano mjini, mhandisi wa kiwanda, Wenceslas, mtu nadhifu mwenye sauti ya polepole, hakubishana na ripoti hata kidogo. Aliisifu. Alisoma namba ya juu ya kiwanda, ile tatu na nukta tisa, mara mbili. Kisha akatoa picha, kubwa, za rangi: madimbwi ya mihogo, maganda, povu jeupe linateremka na maji. Akasema mto unafika kwake ukiwa mgonjwa tayari, na mwenye kuuua anaonekana. Mwenyekiti wa kamati, papa René, alikuwa na karatasi mbele yake. Karatasi ilisema mambo mawili: kiwanda kiongeze pipa, na ni marufuku kuloweka mihogo katika mto Bekoli. Ingetiwa sahihi baada ya siku thelathini na tano, mwenye neno alete neno.

Mihogo ya huku ni michungu. Isipokaa majini siku tatu, nne, ni sumu. Kumkataza mama asiloweke ni kumkataza fufu, ugali wetu wa mihogo, na fufu ndiyo anayokula na ndiyo anayobeba kwenda kuuza Lubunga. Karatasi ile ingekitoa kijiji chote mtoni, na ilisimama juu ya namba moja, na namba ile ilisimama juu ya kona yangu.

Tukirudi, mtumbwini, katikati ya maji, Emérence akaniuliza:

"Papa Léon, ulijua kama mihogo iko pale?"

Nikasema nilijua.

"Na juu ya nini hukuniambia?"

Nikamweleza habari ya kukohoa na kukata kona, kama ninavyowaeleza ninyi. Alisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, bila ukali, na ndiyo maana lilinichoma: "Mimi niko mwanamuke. Ungesimama weye, nipite mimi."

Nimezunguka nchi hii miaka sitini na jambo hilo halikunijia kichwani.

Kesho yake tulipanda hadi juu kabisa, juu ya mihogo, yeye mbele na mimi nimegeuka nyuma nikitazama miti. Huko wavu ulitoka umejaa: mikia mitatu, nyumba za mchanga, uduvi, watoto wa kereng'ende. Sita na nukta sita. Nilidhani tumepona. Alimpelekea Wenceslas namba hiyo, naye akaandika kwamba huko ni chemchemi ya msituni, kivuli na mawe, huwezi kulinganisha chemchemi na mto wa bondeni. Na Emérence akaniambia, kwa hasira ya mtu anayependa haki hata inapomuumiza, kwamba mhandisi hakukosea. Mihogo inakula hewa ya maji. Maji ya chikichi yanakula hewa ya maji. Mdudu akishakufa hasemi amekufa kwa kipi.

Wenceslas alikuja mwenyewe chuoni siku mbili baadaye. Nilikuwa mlangoni nasafisha buti. Hakutisha mtu. Alisema maabara yao inasikitisha, darubini moja na nusu, na kiwanda kingependa kusaidia sayansi ya vijana wa nchi: darubini sita, friji, hata pikipiki ya kwenda mtoni. Ripoti iliyopo inatosha, haina haja ya kuongezwa. Emérence alimwuliza kama darubini hizo zinaona mbali hadi kwenye mfereji wake. Mhandisi alicheka kwa adabu, akachukua kofia yake. Alipopita mlangoni akaniambia, mzee, mshauri binti yako. Nikamwambia sijawahi kushauri mtu mwenye wavu.

Tulikwenda Kilomita Kumi na Nane. Kule mama wanaoloweka wana chama, na mkubwa wao ni mama Germaine, mjane, mfupi, ana mikono ya mtu aliyetwanga maisha yote. Habari ya karatasi ilikuwa imemfikia. Hakutupatia viti. Mama zaidi ya thelathini walisimama nyuma yake, na mimi nikajifanya mzigo.

Emérence alieleza yote, kosa na chanzo chake, na aliponitaja aliniita papa Léon kwa heshima ileile. Mama Germaine alinitazama kidogo, akaona sifai hata kutukanwa, akamrudia yeye. Alichotaka kilikuwa rahisi. Afute ile namba. Aandike nyingine, aseme mihogo haina neno na mto, wamama wameloweka pale tangu bibi za bibi zao na samaki walikuwepo.

"Siwezi, mama."

"Huwezi ao hutaki?"

"Sitaki. Mihogo inaumiza mto. Mimi nimeona. Nikidanganya juu yenu leo, kesho yule mutu ataonyesha kama nimedanganya, na hata kweli yangu juu ya kiwanda itatupwa."

Mama mmoja kijana, Colette, alisema kwa nyuma kwamba docteur amekula mawese ya mhandisi. Wengine wakanung'unika. Emérence hakujitetea. Alibaki amesimama na buti zake, kijasho kinamshuka. Akasema kuna njia moja tu ya kujua nani anafanya nini: kimoja kitoke majini, kingine kibaki. Kiwanda alishakiomba kisimame wiki nne, kikakataa. Basi.

Hakusema mihogo. Hakuthubutu kuwaomba.

Mama Germaine aligeuka akatazama wenzake, akamrudia tena.

"Unataka sisi tutoe yetu."

"Mimi sina ruhusa ya kuwaomba hivyo, mama."

"Haukuomba. Mi nasema." Alishika kiuno. "Tutatoa. Wiki ine. Hata muhogo moja haitaingia. Na kama mto itabaki vile, uandike kama ni sisi, nitatia kidole yangu pale chini. Lakini kama itapona, utaandika kwa herufi kubwa ule mutu asome bila miwani."

Ni rahisi kuandika wiki nne. Mama wale walikusanya mapipa, ya mafuta, ya rangi, beseni za kuogea watoto, mtumbwi mzee uliopasuka wakauziba kwa udongo. Wakaloweka nyumbani. Maji yote hayo yalipanda kilima kwa kichwa, ndoo kwa ndoo, na yaliyonuka yakamwagwa kwenye mashimo mbali na mto. Mihogo ya pipani ilichelewa kulainika, mingine ikatoka na madoa, na wanunuzi wa Lubunga wakaanza kuinusa na kuinua midomo. Wiki ya pili Colette alirudisha makapu mawili mtoni. Pipa lake lilikuwa linavuja na ana watoto watano. Mama Germaine alikwenda mwenyewe akayatoa, akamwaga mihogo yake mwenyewe nusu, na kumpa Colette nafasi ndani ya pipa lake. Hawakusemeshana siku tatu, lakini pipa lilikuwa moja.

Emérence aliandika makapu yale mawili kwenye daftari, siku na saa. Nikamwambia, docteur, hili si ungeliacha? Akaniuliza kama nataka kukata kona nyingine.

Kila Alhamisi tulipima. Alhamisi ya kwanza hakuna kilichobadilika. Ya pili, mashine ya hewa ilipanda kidogo, wadudu bado. Ya tatu, ndani ya beseni jeupe, katikati ya minyoo myekundu, kitu chembamba kilijivuta pembeni kikatulia. Mikia mitatu. Emérence aliinuka. Alimwita mama Germaine, akampa kijiti, akamwambia ahesabu mwenyewe. Mama alihesabu mikia kwa sauti, moja, mbili, tatu, akarudia, kama mtu anayehesabu vidole vya mtoto aliyezaliwa. Walikuwa wanateremka kutoka juu, kutoka chemchemini, maji yanawaleta na safari hii wanapata mahali pa kukaa.

Alhamisi ya nne ndiyo siku kamati ilipoitwa. Papa René alitaka tuende ukumbini mjini. Mama Germaine alituma jibu kwamba mto hauwezi kupanda mtumbwi, waje wao. Sijui ni nini kilichowaleta, pengine aibu, pengine redio ya mjini iliyokuwa imesikia. Walikuja watu watano katika gari moja, na Wenceslas katika lake.

Nilipiga mateke juu ya kiwanda, dakika tatu, mwenyekiti mwenyewe akishika saa. Beseni jeupe likawekwa juu ya meza iliyoletwa kutoka kijijini. Mama wakahesabu, Emérence akitaja alama: sita na nukta mbili. Mahali palepale pa tatu na nukta tisa. Tukashuka chini ya kiwanda. Maji yalinishika miguuni kama mchuzi. Kwenye wavu kulikuwa na minyoo myekundu na wale funza wenye mkia mrefu wa kupumulia nje ya maji, na vichache vingine vinavyovumilia uchafu, hakuna chenye mikia mitatu. Mbili na nukta nane.

Mwenyekiti alitazama beseni moja, akatazama lingine. Hata mtu asiyejua kusoma angesoma.

Wenceslas alisema kwa polepole yake kwamba wadudu si kipimo kinachotajwa katika kanuni, na kwamba muda wa kubadilisha ripoti umepita. Papa René akakohoa. Akasema kweli, dosye, faili lenyewe, lilikwishafungwa na ripoti ya kwanza, hii mpya ataibeba kama taarifa, itasomwa.

Emérence alikuwa anafunga mashine yake. Akaiweka chini.

"Ripoti ya kwanza iko na jina yangu, papa Président. Leo naikana. Barua ya kuikana imeshafika kwa kila mutu wa kamati asubuhi hii, na kwa gavana, na kwa magazeti mawili. Kosa langu liko mu ukurasa wa kwanza, mihogo iko mu ukurasa wa pili, kiwanda iko mu ukurasa wa tatu. Ukitaka kutia sahihi juu ya ile ya zamani, utatia peke yako."

Papa René alikunja karatasi yake mara nne na kuitia mfukoni. Hakutia sahihi. Hakukataa pia. Alisema watakutana, akaingia garini, na wale wanne wakamfuata. Nimeona mabwana wengi wakiondoka hivyo, na najua maana yake: karatasi italala mfukoni hadi watu wachoke, kisha itatoka.

Mama Germaine naye alijua. Alimwendea Wenceslas, akasimama karibu naye hadi mhandisi akarudi hatua moja.

"Sisi tulitoa yetu. Sasa nanyi mutoe yenu."

Akajibu kwamba kiwanda hakiwezi kusimama kwa ajili ya wadudu. Mama akasema hakuuliza kama kinaweza. Mfereji wa maji meusi, kabla ya kugusa mto, unakata shamba lake la karanga, na hakuna mtu aliyewahi kumwomba ruhusa, marehemu mumewe wala yeye. Akachukua jembe. Hawakukimbia, hawakuimba. Mama thelathini na zaidi walipanda na majembe na makapu ya udongo, Colette wa kwanza, wakaanza kujaza mfereji pale unapoingia karangani. Udongo wa huku ni mzito, unashika. Katika nusu saa maji meusi yalisimama, yakavimba, yakatafuta upande wa kutokea, yakaanza kurudi yalikotoka.

Wenceslas alikuwa na simu sikioni. Akamgeukia Emérence. "Docteur, umeona wanachofanya. Wewe ni mtu wa sheria na ushahidi. Andika basi."

"Naandika," akasema.

Akaniuliza saa. Akaandika, na mimi nilikuwa begani mwake nikasoma: mfereji umefungwa Alhamisi, saa nane na dakika kumi, siku ya kwanza. Chini yake akatia jina lake lote, na la mama Germaine, na baada ya kuniangalia, langu. Kisha akaniambia niingie majini, tuchukue hesabu ya kuanzia kabla mto haujaanza kubadilika.

Askari walifika saa tisa kutoka mjini, pikipiki mbili na lori. Walitukuta tumeinama juu ya beseni, tunahesabu, na mkubwa wao ilibidi angoje hadi tumalize.